ZABIBU ZA DODOMA: PESA INAYOTAKA MWENDO WA POLE

Na Mwandishi Wetu

Wafanyabiashara wengi wanaokwenda Dodoma kwa barabara huihesabu safari kwa saa, si kwa kilomita. Anayetoka Dar es Salaam alfajiri hutaka awe amemaliza shughuli zake ofisini kabla ya saa za kazi kwisha, alale, na kesho yake ageuze. Kinachompunguzia mwendo ni vibao vya kilomita 50 kwa saa vijijini, na askari wa usalama barabarani wenye tochi aliyejificha nyuma ya mbuyu. Tangu mwaka 2024, treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma, wako hata wasioiona tena barabara hiyo.

Matokeo yake ni kwamba watu wanaopita katika eneo kuu la zabibu nchini ni wengi, lakini walioliangalia ni wachache. Kila msimu ukurasa huu huulizwa na wasomaji maswali yale yale. Je, ekari moja ya zabibu inalipa? Mbona bei ya kilo hupanda mwaka huu ikaanguka mwaka ujao? Mbona mkulima analia hana mnunuzi wakati madukani chupa za mvinyo kutoka nje zimejaa rafu nzima?

Maswali hayo hayajibiwi na mtu anayepita kwa kasi. Wiki hii tunaeleza jinsi biashara hii inavyokwenda, na jinsi mwekezaji mdogo anavyoweza kuisoma mwenyewe kwa siku mbili tatu za kuendesha gari taratibu katika vijiji vya Ugogo, kabla hajatoa hata shilingi moja.

NCHI YENYEWE

Dodoma iko kwenye uwanda wa juu wa kati ya nchi, kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida haizidi sana milimita 600. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Kwa mkulima wa mahindi hiyo ni hasara, ndiyo maana Wagogo tangu zamani walitegemea mtama, uwele na ng'ombe.

Kwa mzabibu mambo ni kinyume. Mmea huu unapenda udongo wa kichanga usiotuamisha maji, jua kali la mchana na usiku wenye ubaridi. Adui yake mkubwa ni unyevu, kwa sababu unyevu ndio unaoleta magonjwa ya ukungu. Wamisionari wa Kikatoliki waliohitaji divai ya misa waliliona hilo mapema, na katika miaka ya 1950 mizabibu ilikuwa imepandwa Bihawana, kusini-magharibi mwa mji, kwenye barabara ya kwenda Iringa. Kutoka misheni zao likaenea kwa wananchi wa Mpunguzi, Mbabala, Veyula, Makutupora, Hombolo na upande wa Chamwino.

Baadaye serikali iliingia. Kiwanda cha umma kilichojulikana kama DOWICO ndicho kilichokuwa mnunuzi mkubwa wa zabibu za wananchi katika enzi za mashirika ya umma. Katika miaka ya 1990 kiwanda hicho kilisimama, kama yalivyosimama mashirika mengi ya wakati ule. Mkulima aliyekuwa amezoea kuuza mahali pamoja akabaki na mizabibu isiyokuwa na soko. Wako waliong'oa wakarudi kwenye mtama, na wako waliovumilia. Viwanda vya watu binafsi vilipokuja, kikiwemo kile cha Hombolo cha kampuni ya CETAWICO na viwanda vinavyosindika mchuzi wa zabibu kwa ajili ya kampuni kubwa za vinywaji za Dar es Salaam, waliovumilia ndio waliokuwa na mzigo wa kuuza.

SOMO LA KONGWA

Anayetoka Morogoro, baada ya kupita Gairo na soko la nafaka la Kibaigwa, hufika Mbande. Hapo ndipo barabara ya Kongwa inapochepuka. Apunguze mwendo hapo, kwa kuwa Kongwa ina hesabu ambayo kila mwekezaji katika kilimo anapaswa kuijua.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga. Lengo lilikuwa kupata mafuta ya kula upesi baada ya vita. Yaliletwa matrekta, wakaja wataalamu, ikatengwa fedha nyingi, na kazi ikaanza kwa haraka kabla mvua na udongo wa Kongwa havijafahamika vizuri. Udongo ule wakati wa kiangazi unakuwa mgumu kama saruji, vyuma vya matrekta vikakatika, na mvua haikuja kama ilivyotegemewa. Mwaka 1951 mpango ulifungwa, na kiasi cha pauni milioni 36 kikafutwa vitabuni kama hasara.

Katika miaka hiyo ya 1950, huko Bihawana, mapadri walikuwa wanapanda pingili chache za mizabibu nyuma ya kanisa na kungoja zikue. Miaka zaidi ya 60 baadaye mizabibu ipo, ilhali mpango wa karanga umebaki hadithi ya vitabuni. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, na katika nchi hii methali hiyo ina gharama inayojulikana kwa pauni.

MZABIBU UNAVYOFANYA KAZI

Katika nchi za baridi kama Ufaransa au Italia, mzabibu hulala wakati wa majira ya baridi na kuamka majira ya joto yanapokaribia. Kwa hiyo huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza. Mzabibu hapa huendelea kuwa na majani mwaka mzima, na kinachoamua lini utazaa ni mkasi wa mkulima. Akipogolea matawi leo, macho mapya yanachipua, maua yanakuja, na baada ya miezi kama minne zabibu zinaiva. Ndiyo sababu Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: mavuno ya Februari na Machi, na mavuno ya Agosti na Septemba. Sehemu nyingine chache duniani, kama bonde la mto São Francisco nchini Brazil, nazo hupata mavuno mawili kwa njia hiyo hiyo.

Mwekezaji asidhani kwamba mavuno mawili ni mapato sawa mara mbili. Mavuno ya mwanzo wa mwaka huangukia katikati ya mvua. Maji mengi hupunguza ukali wa sukari ndani ya tunda, na ubwiri huingia. Mkulima hulazimika kupuliza dawa mara nyingi zaidi, na akichelewa kidogo shada zima huoza. Mavuno ya Agosti na Septemba hukua wakati wa ukavu, sukari hupanda, magonjwa hupungua. Lakini hayo huhitaji maji ya kumwagilia, na asiye na kisima au mfereji hana mavuno ya uhakika.

Sukari ndiyo inayotazamwa na kiwanda. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu huzaa asilimia moja ya kilevi baada ya kuchachuka. Maji yenye gramu 200 kwa lita yatatoa mvinyo wa asilimia kama 12. Yenye gramu 150 hayatafika hata 9, na mvinyo dhaifu namna hiyo hauhifadhiki vizuri. Tena, zabibu ikishakatwa mtini haiendelei kuiva kama ndizi au embe. Sukari iliyokuwa nayo wakati wa kukatwa ndiyo itakayobaki nayo. Anayevuna wiki mbili kabla kwa sababu ya shida ya ada ya shule ameuza daraja la chini, na hakuna dawa ya kulirudisha juu.

Mche uliopandwa leo hutoa mavuno ya kwanza baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na hufikia nguvu zake kamili karibu na mwaka wa tatu. Baada ya hapo, ukitunzwa kwa samadi, ukapogolewa vizuri na kulindwa dhidi ya mchwa, unaweza kuzaa kwa miongo kadhaa. Huu ni mradi wa kurithisha watoto, na anayetaka faida ya miezi mitatu afadhali abaki na mahindi ya Kibaigwa.

SIKU CHACHE ZINAZOAMUA MWAKA

Tatizo kubwa la biashara hii ni muda mfupi kati ya shamba na kiwanda. Zabibu ya mvinyo ina ngozi nyembamba na maji mengi. Katika joto la Dodoma, siku mbili tatu baada ya kuvunwa huanza kunyauka, kupasuka na kuchacha zenyewe. Mkulima hana ghala la kuziweka kama mwenye korosho au ufuta, na stakabadhi ghalani haiwezi kumsaidia kwa tunda bichi.

Sasa tazama hali ya soko. Wakulima ni maelfu, wote wanavuna ndani ya wiki chache zile zile. Viwanda ni vichache, na kila kimoja kina mapipa yanayohesabika. Mapipa yakijaa, lango hufungwa. Mwenye tenga la zabibu nje ya lango ana saa kadhaa tu za kuamua: auze kwa bei yoyote kwa dalali, azitembeze mjini kwa beseni, au azimwage. Hiyo ndiyo sababu ya bei kuyumba. Mavuno mazuri yakikutana na mapipa yaliyojaa mchuzi wa mwaka jana, bei huanguka hata kama mvinyo dukani haujashuka senti moja.

Hapa ndipo panapoonekana thamani ya mchuzi wa zabibu, yaani zabibu zilizokwisha kukamuliwa na kuchachuliwa, zikahifadhiwa kwenye matangi kabla ya kutiwa kwenye chupa. Mchuzi unaweza kungoja mnunuzi kwa miezi, tunda haliwezi kungoja hata wiki. Kikundi cha wakulima kinachomiliki tangi na mashine ya kukamulia, hata ndogo, kimejinunulia muda. Na katika soko hili, mwenye muda ndiye mwenye bei.

HESABU YA EKARI MOJA

Tarakimu zifuatazo ni za mfano. Msomaji aweke za kwake baada ya kuuliza kijijini. Tunachotaka aone ni jinsi hesabu inavyogeuka.

Ekari moja ina mita za mraba kama 4,047. Ukipanda kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 1.5, itaingia miche 1,079. Tuseme shamba, miche, nguzo, waya, samadi, maji na kazi ya miaka miwili ya kwanza vinakula shilingi milioni 10. Fedha hizo, kama zingewekwa mahali penye riba ya asilimia 10 kwa mwaka, zingekuwa milioni 12.1 baada ya miaka miwili. Kwa hiyo gharama yako halisi siku ya mavuno ya kwanza ni milioni 12.1. Wengi husahau kuhesabu gharama hiyo ya kungoja.

Tuseme ekari inatoa kilo 3,000 kila mavuno, na matunzo ya mwaka mzima, yaani dawa, kupogolea, maji, walinzi wa ndege na vibarua wa kuvuna, ni milioni 4.

Kwa bei ya shilingi 1,500 kwa kilo, mavuno mawili yataleta milioni 9. Ukiondoa matunzo inabaki milioni 5. Mtaji wako utarudi ndani ya miaka miwili na nusu hivi.

Kwa bei ya shilingi 800, mavuno yale yale mawili yataleta milioni 4.8. Ukiondoa matunzo inabaki laki 8. Mtaji wako utarudi baada ya miaka 15.

Tazama vizuri. Bei imeshuka kwa karibu nusu, lakini muda wa kurudisha fedha umeongezeka mara sita. Sababu ni kwamba matunzo hayashuki pamoja na bei. Salfa ya kuzuia ubwiri hugharimu vile vile, soko likiwa zuri au baya. Kwa hiyo swali la kwanza la mwekezaji lisiwe ekari itatoa kilo ngapi. Liwe hili: nani atazinunua, kwa mkataba gani, na asipokuja nitafanya nini?

Kuna hesabu nyingine upande wa pili. Kilo moja ya zabibu hutoa kiasi cha lita 0.65 ya mvinyo. Kilo 3,000 ni lita 1,950, sawa na chupa 2,600 za mililita 750. Yaani ndani ya kila chupa kuna zabibu zisizofika kilo moja na robo. Msomaji alinganishe mwenyewe bei ya kilo hiyo na robo kijijini na bei ya chupa katika duka la mtaani kwake. Tofauti hiyo hailiwi yote na mtu mmoja: chupa yenyewe, kizibo, lebo, kodi, usafiri na muuza duka wote wanakula humo. Lakini hailiwi na mkulima.

NJIA YA KUPITA

Mtu mwenye gari dogo na siku tatu anaweza kuyaona yote haya kwa macho yake. Tunashauri apite hivi.

Siku ya kwanza ni ya upande wa mashariki. Baada ya Mbande aendeshe taratibu hadi Chamwino na Buigiri, kisha aulizie mashamba ya Chinangali, yaliyopandwa kwa utaratibu wa umwagiliaji. Ayaangalie yaliyostawi na yaliyokufa. Tofauti kati yake kwa kawaida ni pampu: iko wapi, ni ya nani, nani analipa umeme au dizeli, na ilipoharibika mara ya mwisho ilichukua siku ngapi kutengenezwa. Kutoka hapo aelekee Hombolo, kwenye bwawa, akaone jinsi kiwanda kilicho karibu na shamba kinavyopunguza safari ya tunda.

Siku ya pili ni ya kaskazini, kwenye barabara ya Arusha. Atapita Veyula kisha Makutupora, penye kituo cha utafiti cha TARI kinachoshughulika na zabibu. Hapo ndipo pa kuulizia mbegu: ile nyekundu inayoitwa Makutupora, Chenin Blanc kwa mvinyo mweupe, na nyinginezo kama Syrah. Asikubali kupanda pingili alizopewa barabarani na mtu asiyemjua. Kosa la mbegu hugundulika baada ya miaka miwili, na wakati huo aliyekuuzia hapatikani.

Siku ya tatu ni ya kusini-magharibi, barabara ya Iringa, kupitia Bihawana hadi Mpunguzi. Huku ndiko kwenye mashamba ya kifamilia ya nusu ekari na robo ekari, ya wazee waliopitia enzi ya DOWICO na anguko lake. Asimame chini ya mti, ateremke garini na kuamkia watu kabla ya kuuliza bei. Ugogoni mgeni anayesema "Mbukwenyi" na kungoja aitikiwe hupata maelezo ambayo mwenye kushusha kioo nusu na kupiga honi hawezi kuyapata. Ukimuuliza mzee bei ya kilo mwaka huu, atakutajia. Ukikaa nusu saa, atakueleza ni lini alilipwa.

Njiani humo aangalie mambo yafuatayo:

Kwanza, nguzo. Nguzo mpya na waya uliokazwa ni dalili kwamba mwenye shamba anategemea kupata fedha. Nguzo zilizooza na matawi yaliyotambaa chini ni dalili kwamba msimu uliopita hakulipwa.

Pili, kupogolea. Ukikuta mashamba mengi yamepogolewa kwa wakati mmoja, hesabu miezi minne mbele. Hapo ndipo soko litakapofurika.

Tatu, beseni za barabarani. Zabibu za mvinyo zikionekana kwa wingi zikiuzwa kwa wapita njia kwa bei ya kutupa, jua kwamba viwandani hapapokei.

Nne, lango la kiwanda. Malori yaliyopanga foleni tangu jana yana habari zaidi kuliko tangazo lolote la bei.

Hakuna lolote kati ya hayo manne linaloonekana ukiwa kilomita 110 kwa saa. Na iwapo wenyeji watakukaribisha kuonja, basi dereva asionje.

KODI NA SERA

Mvinyo ni bidhaa inayotozwa ushuru kwa lita, na ushuru huo ndio unaoamua kama kiwanda kitatumia zabibu za Dodoma au mvinyo ulioagizwa nje. Bajeti ya mwaka 2012/13 ilitoa mfano mzuri. Ushuru wa bidhaa kwa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini ulishushwa kutoka shilingi 420 hadi 145 kwa lita, wakati ule wenye zabibu za nje kwa zaidi ya asilimia 25 ulipandishwa kutoka 1,345 hadi 1,614. Kwa chupa ya mililita 750, tofauti hiyo ni kiasi cha shilingi 1,100. Kiwanda chenye akili kinapoona pengo kama hilo, hutafuta zabibu Mpunguzi.

Viwango vimebadilika mara kadhaa tangu hapo na vitaendelea kubadilika. Lililo muhimu kwa mwekezaji ni kulielewa pengo lenyewe. Likipanuka, zabibu hupata wanunuzi. Likipungua, mapipa hujaa vya nje. Kwa hiyo kila mwezi Juni, hotuba ya bajeti inaposomwa, mwenye ekari moja Hombolo ana sababu ya kuisikiliza sawa na mwenye hisa katika kampuni za vinywaji.

JIJI LINALOKUJA

Jambo jingine linaloonekana kwa anayepita pole pole ni vigingi vya upimaji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, ukaenda kwa kusuasua kwa miongo minne, halafu mwaka 2016 serikali ikaanza kuhama kweli kweli. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Vijiji kadhaa vya zabibu vimo ndani ya mipaka ya jiji hilo, na shamba lililokuwa likithaminiwa kwa mizabibu yake sasa linathaminiwa kwa mita za mraba.

Kwa mwenye shamba, kiwanja kinacholipa leo kinashinda zabibu zitakazolipa baada ya miaka mitatu. Hatumlaumu. Lakini mwekezaji anayenunua shamba kwa ajili ya zabibu anapaswa kujua ananunua ardhi ya aina gani. Ardhi ya kijiji inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na halmashauri ya kijiji pamoja na mkutano mkuu wa kijiji wana sauti. Ardhi ndani ya eneo la mipango miji ni habari nyingine, chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huo huo. Karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi wawili na balozi wa nyumba kumi haitoshi. Nenda ofisi ya ardhi ya jiji ukatazame ramani. Kama mstari wa barabara unapita katikati ya mizabibu, afadhali uujue kabla ya kupanda.

BIASHARA YA MWENDO WENYEWE

Tumalizie na jambo ambalo wenzetu wa Afrika Kusini walilitambua zamani. Mwaka 1971 huko Stellenbosch ilianzishwa njia ya mvinyo. Mashamba yalifungua milango kwa wasafiri, yakaweka vibao barabarani, na mtu akawa anatoka shamba hili kwenda lile, anaonja, anakula, analala, na anaondoka na chupa ndani ya buti la gari. Hawakumuuzia mvinyo tu. Walimuuzia siku ya mapumziko. Chupa iliyouzwa shambani haina dalali wala lori, na faida yote hubaki kwa aliyepanda.

Dodoma ina watumishi wa serikali, wabunge, wanafunzi wa vyuo na wageni wa mikutano ambao mwisho wa wiki hawana pa kwenda zaidi ya mjini. Kutoka katikati ya jiji hadi Bihawana au Veyula ni mwendo mfupi. Kivuli kizuri, choo safi, meza chache, nyama choma, sahani ya ugali wa mtama na mlenda, na mzee wa kueleza jinsi zabibu zinavyopogolewa, havihitaji mtaji wa kiwanda. Vibali vya kuuza kileo na vya usalama wa chakula vinahitajika, na hivyo visirukwe. Lakini kwa mwekezaji mwenye milioni chache, hii inaweza kuwa njia ya kuingia katika zabibu bila kupanda mche hata mmoja: anauza kilichokwisha kuzalishwa na jirani, kwa mtu aliyekuja mwenyewe.

USHAURI WETU

Kwa anayetaka kuingia msimu huu, tunasema hivi. Usinunue ekari kwa simu. Nenda mara mbili, mara moja wakati wa mavuno ya mvua na mara moja wakati wa mavuno ya kiangazi, uone pande zote za soko. Anza na mnunuzi kabla ya mche: pata mkataba wa maandishi wenye bei, kiwango cha sukari na siku ya malipo. Kama huna mnunuzi wa kuaminika, ungana na chama cha ushirika chenye tangi au chenye mpango wa kulipata. Hakikisha maji kabla ya waya, na ramani kabla ya maji. Weka akiba ya kulea shamba kwa mwaka mzima bila kuuza kitu, maana mwaka wa namna hiyo utakuja.

Na ukifika Chamwino, punguza mwendo. Kibao kinasema 50, na faini ya kukipuuza ni shilingi 30,000. Ni ndogo sana ukilinganisha na hasara ya mtu anayenunua shamba asilolitazama.